Ujira wa Mwanagenzi: Habari za Uingereza tangu 1563

Kama mwanagenzi, yaani mtu aliyeingia kazini ili ajifunze kazi yenyewe, astahili kima cha chini cha ujira kile kile ambacho sheria imemwekea mfanyakazi aliyekwisha kufuzu, ni swali ambalo wengi hulidhani kuwa limezuka zama hizi, pamoja na vyama vya wafanyakazi na mabaraza ya mishahara. Walakini mtu akizifungua sheria za kale ataona kwamba lina umri wa karne nne na nusu, na kwamba Uingereza, ambayo sheria zake za kazi zilivuka bahari zikaja kutawala hata pwani yetu, imekwisha kulijibu mara nyingi na kwa majibu yanayopingana.

Wasemao kwamba mwanagenzi alipwe pungufu wana hoja: mkono wake ni mzito, huharibu mbao na chuma, humpotezea fundi saa ambazo angalizitia katika kazi yake, na juu ya hayo yote huondoka na elimu itakayomlisha mpaka uzeeni. Wasemao kwamba alipwe sawa nao wana hoja: mchele hauuzwi dukani kwa bei ya wanagenzi, mwenye nyumba hapunguzi kodi kwa kuwa mpangaji angali anajifunza, na si haba walioitwa wanagenzi miaka na miaka ilhali kazi waliyoifanya ilikuwa ile ile ya mafundi. Hoja hizi za pande mbili ni za kweli, na ndiyo sababu hazikatiki kwa maneno matupu, bali zapasa kupimwa kwa mambo yaliyokwisha kutendeka. Nami naona kwamba ijara pungufu ya mwanagenzi ilikuwa insafu pale tu ambapo kilichopungua katika fedha kililipwa kwa kitu kingine kilichotajwa wazi, chenye muda na mwisho wake, na akawapo mtu wa kukisimamia; ama pale ambapo kitu hicho kiliondoka na upungufu ukabaki, uanagenzi uligeuka kuwa hila ya kupata kazi kwa bei rahisi.

Mwaka 1563, katika enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya mafundi na vibarua, iliyoamuru kwamba mtu asishike ufundi wowote miongoni mwa ule uliokuwa ukifanywa nchini mpaka awe ametumikia uanagenzi wa miaka isiyopungua saba, na kwamba mijini uanagenzi huo usiishe kabla kijana hajatimiza miaka 24. Sheria hiyo hiyo iliwapa mahakimu mamlaka ya kupanga mishahara ya vibarua kila mwaka. Na msomaji wa leo asidhani kwamba walipanga kima cha chini, kwani walichokipanga kilikuwa kima cha juu, hata tajiri aliyethubutu kulipa zaidi ya hapo akafungwa siku 10 na kutozwa pauni 5, na kibarua aliyepokea ziada hiyo akafungwa siku 21.

Mwanagenzi hakuwamo katika hesabu hiyo ya mishahara, kwa maana aghalabu hakuwa na mshahara. Alichokuwa nacho ni mkataba, ulioandikwa mara mbili katika kipande kimoja cha ngozi, kisha kipande hicho kikakatwa kwa mkato wa meno meno, kila upande ukachukua nusu yake, ili siku ya ugomvi nusu mbili zikutanishwe na meno yaonekane kama yanaoana. Humo kijana aliahidi kumtii bwana wake na kuzificha siri zake, asioe, asicheze kamari, asizoee nyumba za ulevi. Na bwana naye akaahidi kumfundisha ufundi wake, na kumpa chakula, kinywaji, mavazi na malazi muda wote wa mkataba. Wazazi wenye uwezo, juu ya kumtoa mtoto, walitoa na fedha wakampa bwana, na fedha hizo zilikuwa nyingi kiasi cha kuitamanisha Serikali, ambayo kuanzia 1710 ilizitoza kodi ya nusu shilingi kwa kila pauni kama jumla haikuzidi pauni 50, na shilingi nzima kwa kila pauni ikizidi hapo.

Hesabu ya mkataba ilikuwa hivi: miaka ya mwanzo fundi alipata hasara, akimlisha na kumvika kijana asiyejua kushika chombo, miaka ya mwisho kijana alifanya kazi ya fundi kamili pasipo mshahara, na hapo bwana akajilipa. Mtu wa pwani yetu hataona ajabu kubwa katika jambo hilo, kwani kwetu pia kijana alipelekwa kwa seremala au mhunzi, akabeba vyombo, akafagia kiwanda, akala kilichopikwa nyumbani kwa fundi, na siku ya kufuzu fundi akapewa kilemba chake, ambacho kilihesabiwa kuwa haki ya mwalimu wala si hisani. Na walioisoma Kurani wanakumbuka habari za Nabii Musa, aliyemtumikia mzee wa Madyan kwa miaka minane, au kumi kama akipenda mwenyewe kuitimiza, ili aozwe binti yake: ijara isiyokuwa fedha, lakini iliyotajwa wazi, na muda wake ukajulikana na pande zote mbili kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Kwa hiyo haifai kusema kwamba kazi isiyolipwa fedha ni dhulma kila mahali. Lililo la haki ni kuuliza kama kilichoahidiwa badala ya fedha kilitolewa kweli.

Mtu mashuhuri aliyeuliza hivyo, na jibu lisimridhishe, ni Adam Smith, mwanachuoni wa Scotland, katika kitabu chake juu ya utajiri wa mataifa kilichochapishwa mwaka 1776. Aliona kwamba kijana asiyepata faida ya kazi yake hana cha kumhimiza, na kwa hiyo huwa mvivu. Akashauri kwamba tangu mwanzo afanye kazi kama kibarua huru, alipwe kwa kadiri ya kile kidogo awezacho kukifanya, naye alipe thamani ya vitu atakavyoviharibu kwa kutojua. Alikiri kwamba kwa mpango huo bwana angepata hasara, maana angeikosa ijara yote ya miaka saba ambayo sasa aliiweka mfukoni. Hili lilikuwa jibu dhahiri: mwanagenzi ni mfanyakazi, na ijara yake ifuate kazi yake, lakini Smith hakusema lolote juu ya kima ambacho ijara hiyo isishuke chini yake, wala hakueleza kijana maskini angekula nini katika miezi ile ambayo kazi yake ni ndogo na hasara yake ni kubwa.

Na vijana maskini ndio waliopatwa na mabaya zaidi. Sheria ya maskini ya mwaka 1601 ilikuwa imewapa wasimamizi wa kila parokia idhini ya kuwatia katika uanagenzi watoto ambao wazazi wao walionekana hawawezi kuwalea, wa kiume mpaka miaka 24, na wa kike mpaka miaka 21 au waolewe. Viwanda vya pamba vilipoenea karne ya 18, vikajengwa kandokando ya mito yenye nguvu ya kuzungusha mitambo na mbali na miji yenye watu, wenye viwanda wakaona kwamba kibarua aliye rahisi kuliko wote ni mtoto wa parokia, asiyeweza kuondoka wala kudai. Kiwanda cha Quarry Bank, kilichoanzishwa na Samuel Greg huko Styal mwaka 1784, kilijenga mwaka 1790 nyumba ya wanagenzi ambamo watoto wapatao 90 walilala. Na hicho kilihesabiwa miongoni mwa viwanda vyenye huruma, maana watoto walitazamwa na daktari na kufundishwa kusoma kidogo. Lakini walijifunza ufundi gani? Kufagia pamba chini ya mitambo na kuunga nyuzi zilizokatika ni kazi ambayo mtoto huijua kwa majuma machache, na mkataba wake uliendelea kwa miaka. Chakula kilikuwapo, malazi yalikuwapo, ila kile kitu ambacho kwa ajili yake uanagenzi uliwekwa, yaani ufundi wa kumlisha mtu maisha yake yote, hakikuwapo.

Mwaka 1802 Robert Peel, baba wa waziri mkuu wa baadaye mwenye jina hilo hilo, ambaye mwenyewe alikuwa na viwanda vya pamba, alipitisha Bungeni sheria ya afya na adabu ya wanagenzi. Iliamuru kwamba mwanagenzi asifanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, asifanye kazi usiku, apewe mavazi mapya kila mwaka, afundishwe kusoma, kuandika na hesabu katika miaka minne ya kwanza, na kitandani wasilale zaidi ya wawili. Haikutaja ijara. Usimamizi wake uliachiwa wageni walioteuliwa na mahakimu wa mahali, ambao aghalabu hawakwenda. Na wenye viwanda wengi waliwaacha wanagenzi wakawaajiri watoto walioitwa huru, kwa kuwa sheria ile haikuwagusa. Fundisho lake halijachakaa: ukimlinda mtu kwa jina lake, na si kwa kazi yake, tajiri atambadilisha jina.

Mwaka 1813 vifungu vya sheria ya 1563 vilivyohusu mishahara vilifutwa, na mwaka 1814 vikafuata vile vya uanagenzi, licha ya mafundi wengi kuomba vibakizwe. Tangu hapo mkataba wa miaka saba haukuwa tena sharti la nchi, bali desturi ya kila kazi.

Hila iliyo kubwa kuliko zote haikufanywa katika ardhi ya Uingereza bali katika makoloni yake, na habari zake zatuhusu sisi wenyewe. Mwaka ule ule wa 1776 kilipochapishwa kitabu cha Smith, Mfaransa aitwaye Morice alifunga mapatano na Sultani wa Kilwa ya kununua watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe Île de France, kisiwa ambacho Waingereza walikitwaa baadaye na kukirudishia jina la Mauritius. Bunge la Uingereza lilipopitisha mwaka 1833 sheria ya kukomesha utumwa, mtumwa aliyepita umri wa miaka sita hakufanywa huru mara moja, bali alitangazwa kuwa mwanagenzi, kuanzia tarehe 1 Agosti 1834 katika visiwa vya Karibi, na tarehe 1 Februari 1835 huko Mauritius. Mwanagenzi wa kazi gani? Wa kukata miwa, aliyoikata tangu utoto wake, katika shamba lile lile na chini ya bwana yule yule, hata saa 45 kwa juma pasipo ujira, kwa miaka sita kama alikuwa mtu wa shamba, na minne kama hakuwa. Ilhali mabwana waligawiwa fidia ya pauni milioni 20. Antigua na Bermuda ziliukataa uanagenzi huo zikatoa uhuru papo hapo. Huko Trinidad watu walikusanyika siku ya kwanza mbele ya nyumba ya gavana, wakipiga kelele kwamba hawaitaki miaka sita. Joseph Sturge, mfanyabiashara wa Birmingham na mfuasi wa dini ya Waquaker, alisafiri mwenyewe kwenda kutazama, akarudi mwaka 1837 na ushahidi uliowaaibisha wengi, na tarehe 1 Agosti 1838 uanagenzi ule ulikomeshwa kabla ya muda wake. Huko Mauritius ukaisha tarehe 31 Machi 1839. Wala jina hilo halikuachwa hapo, kwani kuanzia 1861 Waafrika waliookolewa katika majahazi ya watumwa na manowari za Waingereza walishushwa Shelisheli, wakakabidhiwa wenye mashamba kwa mikataba iliyoitwa vivyo hivyo. Asiyeamini kwamba uanagenzi waweza kuwepo pasipo mafunzo yoyote na ayatazame mashamba haya ya miwa, ambako mwalimu hakuwa na la kufundisha wala mwanafunzi hakuwa na la kujifunza.

Mwishoni mwa karne ya 19 malalamiko yaligeukia vyumba vya washonaji wa mashariki ya London, ambamo wahamiaji maskini kutoka Urusi na Poland, wakiwa wageni wa lugha na wa kazi, walishonea watu kwa chakula na mahali pa kulala tu, kwa hoja ya kwamba wangali wanajifunza. Mwaka 1909, Winston Churchill akiwa waziri wa biashara, Bunge lilianzisha mabaraza ya kupanga kima cha chini cha ujira katika kazi nne zilizojulikana kwa malipo duni: ushonaji wa nguo tayari, utengenezaji wa masanduku ya karatasi, umaliziaji wa lesi, na ufuaji wa minyororo. Mabaraza hayo yaliwawekea wanaojifunza kima chao, kilicho chini ya kile cha wafanyakazi wengine, na tajiri aliyetaka kumlipa mtu kima hicho alitakiwa aoneshe hati ya kwamba huyo kweli ni mwenye kujifunza. Naona katika hati hiyo akili kubwa kuliko ilivyodhaniwa, kwa sababu ilimtwika mwenye kulipa pungufu mzigo wa kuthibitisha kwamba yeye ni mwalimu.

Katika viwanda vikubwa vya meli na mashine hapakuwa na hati wala baraza, na waajiri walishikilia kwamba ijara ya mwanagenzi ni jambo la bwana na mzazi, ambalo chama cha wafanyakazi hakina sauti ndani yake. Mwaka 1937, nchi ikijiandaa kwa silaha na viwanda vikijaa kazi, wanagenzi wa kandokando ya mto Clyde huko Scotland waligoma kwa maelfu, kwa kuwa walikuwa wakifanya kazi za watu wazima kwa sehemu ndogo ya ujira wa watu wazima. Hawakudai fedha peke yake: walidai pia muda wa kwenda chuoni mchana kujifunza elimu ya ufundi wao, walidai idadi ya wanagenzi isizidi kiasi kwa mafundi waliopo, na walidai chama kiwasemee. Mwisho wa mwaka huo waajiri walikubali kujadiliana na chama juu yao. Madai ya vijana wale yanaonesha walivyolielewa suala hili kuliko wanasheria wengi, kwani walijua kwamba ujira na mafunzo ni pande mbili za mapatano mamoja, na kwamba upande mmoja ukipunguzwa haki hudai wa pili uongezwe.

Serikali yenyewe ilikuja kulisahau jambo hilo. Mwaka 1983, ukosefu wa kazi ulipowaelemea vijana, ilianzisha mpango wa mafunzo uliompa kijana posho ya pauni 25 kwa juma, na lawama ikafuata papo hapo kwamba waajiri wengi walikuwa wakipewa mikono ya bure na kufundisha kidogo. Mwaka 1985 wanafunzi wa shule waliandamana kuipinga nia ya kuufanya mpango huo uwe wa lazima. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1998, iliyoweka kwa mara ya kwanza kima cha chini cha nchi nzima, nacho kilipoanza tarehe 1 Aprili 1999 kilikuwa pauni 3.60 kwa saa kwa aliyetimiza miaka 22. Lakini wanagenzi wa chini ya miaka 19, na wale wa chini ya miaka 26 waliokuwa katika mwaka wao wa kwanza, waliachwa nje kabisa.

Mara ikazuka kesi ya kuwafaa wanafunzi wa sheria kwa karne nzima. Msichana mmoja aliyekuwa akijifunza uwakili katika ofisi ya mawakili wa mahakamani, kwa muda wa mwaka mmoja pasipo malipo, alidai kima hicho; Mahakama Kuu ikampa haki, lakini mwezi Machi 2000 Mahakama ya Rufani ikamnyima, ikisema kwamba mkataba wake na mawakili ni mkataba kweli, ila si wa uanagenzi, kwa kuwa hakulazimika kuwafanyia kazi yenye faida kwao, na ambaye hakufunga mkataba wa uanagenzi wala wa kazi si mfanyakazi mbele ya sheria ile. Karibu na hoja hii ilikuwa hukumu ya Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ya mwaka 1947, iliyoamua kwamba vijana waliojifunza kazi ya reli kwa siku chache hawakustahili kima cha chini, kwa sababu kampuni haikupata faida ya papo hapo kwa kuwapo kwao, bali walizidi kuikawiza kazi. Hukumu zote mbili zilitumia mizani moja: ni nani anayefaidika? Lakini mawakili wa Uingereza waliona aibu ya ushindi wao, na tangu mwaka 2003 baraza lao liliagiza kwamba anayejifunza uwakili alipwe angalau pauni 10,000 kwa mwaka. Kilichokataliwa na mahakama kikatolewa na desturi.

Ama wanagenzi wa kazi za mikono, walingojea mpaka tarehe 1 Oktoba 2010, walipowekewa kima chao cha pauni 2.50 kwa saa. Kima hicho kimepanda tangu hapo: Aprili 2025 kilifika pauni 7.55, wakati mfanyakazi wa miaka 21 na zaidi alikuwa na pauni 12.21, nacho chamhusu mwanagenzi wa chini ya miaka 19, au aliye katika mwaka wa kwanza wa mkataba wake, na akiupita mwaka huo, naye ana miaka 19 au zaidi, hulipwa kama wa rika lake wengine. Kwa taratibu hiyo, Uingereza imerudi baada ya karne nne na nusu kwenye maana ya mkataba wa kale, ila kwa sura iliyo fupi zaidi: upungufu wakubaliwa, lakini mwaka mmoja, au mpaka kijana atimize miaka 19, badala ya saba, na kwa fedha zinazohesabika badala ya mkate na blanketi.

Hukumu yangu, baada ya habari hizi zote, ni kwamba kima cha mwanagenzi na kiwe sawa na cha mfanyakazi mwingine, isipokuwa pale ambapo mwajiri aweza kuonesha mambo manne: mkataba ulioandikwa, mafunzo yaliyopangiwa saa zake mbali na saa za kuzalisha, muda mfupi wenye mwisho unaojulikana, na msimamizi asiyekuwa yeye mwenyewe. Likikosekana hata moja, aliyeko kiwandani si mwanagenzi bali kibarua, na apewe ujira wa kibarua. Kwetu, ambako katika gereji na karakana nyingi kijana bado humlipa fundi ili apokewe, kisha akafunga nati na kupiga randa miaka kadhaa pasipo mtu wa kumwambia ni lini atahesabiwa kuwa amefuzu, shauri hili lina uzito mkubwa zaidi kuliko huko lilikotoka. Nawasihi mafundi waandike mkataba na kuutajia mwisho wake, wazazi wauombe kabla ya kutoa ada, na watungao sheria za mishahara wasimtaje mwanagenzi kwa neno moja la kumtoa katika kima cha chini, pasipo kumtaja kwa maneno kumi juu ya kile anachodaiwa mwalimu wake.